Upande wa Kulia wa Kanda

Simu za mama huwa napokea mimi. Tangu alipofanyiwa upasuaji wa shingo, sauti yake imebaki ya kunong'ona, na watu wengi wakimsikia kwenye simu hudhani mtandao umekatika. Wanaanza kupiga kelele, "Halo! Halo!" mpaka anachoka na kunipa mimi. Kwa hiyo ilipolia Jumamosi moja asubuhi, tukiwa jikoni kwangu hapa Kiamunyi, Nakuru, tukichambua maharagwe, niliichukua bila kumuuliza.

Alikuwa mama mmoja wa Kuresoi. Sikumjua kwa sauti, lakini nilimkumbuka mara tu alipotaja kanisa lao. Zamani, nikiwa msichana wa shule ya msingi, kwaya ya wazazi wangu ilialikwa huko kufungua kanisa jipya la mabati, na huyo mama ndiye aliyetupa mahali pa kulala. Sasa alisema kanisa lile litabomolewa. Wamejenga lingine la mawe kando yake, na kabla ya kung'oa mabati wangependa kukaa ndani mara ya mwisho na kuimba.

"Baba yako si alikuwa anarekodi siku ile?" aliniuliza. "Alikuwa na ile redio kubwa. Hiyo kanda bado iko?"

"Nafikiri iko, mama. Nitaangalia."

"Angalia, tafadhali. Watoto wetu wasikie vile ilikuwa."

Nilipokata simu nilimweleza mama. Aliendelea kutoa vijiwe kwenye maharagwe, akavitupa kwenye kifuniko cha sufuria kimoja kimoja.

"Iko kwa sanduku," alinong'ona. "Wape."

Hakuinua uso. Nilielewa kwa nini. Mama alikuwa mwimbaji wa alto. Alikuwa na rovu lililokua pole pole kwa miaka, na lilipoanza kumbana pumzi, ikabidi litolewe. Daktari alituonya mapema kwamba mshipa wa sauti umepita karibu sana na mahali atakapokata, na mama akasema heri apumue. Alipona vizuri, anakula, anatembea, anapanda sukuma wiki nyuma ya nyumba. Lakini hajaimba tena, na tangu siku ile hakuna kanda ya kwaya iliyochezwa nyumbani. Hakuna aliyekataza. Tuliacha tu.

*

Sanduku lilikuwa chini ya kitanda chake, la bati, lenye rangi ya kijani iliyoambuka. Ndani kulikuwa na redio kaseti ya marehemu baba imefungwa kwa kitenge, na kando yake kanda kumi na kitu, kila moja na karatasi iliyoandikwa kwa herufi zake kubwa. Ile ya Kuresoi ilikuwa ya juu kabisa. Utepe wake ulikuwa umelegea, nikachukua biro nikaiingiza kwenye tundu la kanda lenye meno na kuzungusha, vile tulivyokuwa tukifanya utotoni tukigombania zamu, mimi na mdogo wangu.

Baba alizaliwa kwenye kota za reli hapa Nakuru. Babu alikuwa ametoka magharibi kuja kufanya kazi ya reli, akaleta mke, na hawakurudi tena ila kwa mazishi na Krismasi. Baba mwenyewe hakuingia reli, alipata kazi kwenye kiwanda cha mablanketi. Alirudi jioni akiwa na manyoya ya sufu kwenye nyusi, tukimcheka kwamba amezeeka mchana mmoja. Jumamosi ilikuwa siku ya kwaya. Yeye aliimba besi, mama alto, na sisi watoto tulikaa kwenye benchi la nyuma tukila karanga na kujua nyimbo zote kabla wazazi hawajazijua.

Redio ile alipoinunua, hakuinunua ya kusikiliza taarifa. Aliinunua kwa sababu ilikuwa na spika mbili, na tena nyuma yake kulikuwa na matundu mawili ya kuchomeka vipaza sauti. Akatafuta vipaza viwili vidogo vya waya mrefu. Siku ya kurekodi aliweka kimoja kushoto, mbele ya soprano na besi, na kingine kulia, mbele ya alto na tenor. Alizunguka huku na huku akisogeza watu kwa kiwiko, "Mama, rudi nyuma kidogo. Wewe, sogea hapa." Wenzake walimcheka.

"Kipaza kimoja hakitoshi?" walimuuliza. "Mtu ana midomo miwili?"

"Mdomo ni mmoja," alijibu. "Lakini masikio ni mawili."

Kwenda Kuresoi tulipanda lori lililokuwa limeshusha viazi mjini na sasa linarudi tupu. Lilinuka udongo na magunia. Tulipopita Molo baridi ilianza kuuma kweli, ukungu ukashuka mpaka barabarani, na akina mama wakatufunika sisi watoto kwa turubai. Tulifika midomo imekauka. Mwenyeji wetu alitupa viazi vya kuchemsha na maziwa moto, tukalala chini kwenye nyasi zilizofunikwa blanketi, watoto wote kama vifaranga. Mimi mpaka leo nikinusa maganda ya viazi yaliyotoka kuchemka namkumbuka mama akinivua soksi zilizolowa akiniwekea miguu tumboni mwake.

Asubuhi, mwimbishaji wa kwaya, mama mmoja wa soprano aliyekuwa akituongoza kila mahali, aliamka hana sauti. Baridi ilikuwa imemkamata koo. Alijaribu maji ya moto, akajaribu tangawizi, wapi. Na wimbo wenyewe, ambao mwalimu wa kwaya alikuwa ameutunga makusudi kwa siku hiyo, ulikuwa wa kuongozwa na mtu mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwalimu akamwangalia mama.

"Wewe unaujua."

"Naujua kwa alto."

"Basi uongoze kwa alto. Sisi tutashuka na sauti yako."

Na wakashuka. Nakumbuka nikiwa nimesimama juu ya benchi ili nione, nikiwa na aibu na fahari kwa pamoja, kwa sababu mama yangu hakuwa mtu wa kusimama mbele. Alipofika ubeti wa pili, mvua ikaanza kwenye mabati mapya. Kila mtu aliyewahi kuwa kanisani chini ya mabati anajua maana yake: hata mhubiri hunyamaza. Mama hakunyamaza. Aliongeza sauti kidogo tu, akaendelea.

Hiyo ndiyo kanda niliyoishika mkononi.

*

Nilidhani ni kazi ya saa moja. Mimi ni mwalimu, nina laptopu ya kuandalia masomo, na nilikuwa nimesikia kwamba unaweza kutoa sauti kwenye kanda ukaiweka kwenye kompyuta. Lakini kwanza nilimpigia mdogo wangu, ambaye ana hoteli ya chakula Salgaa, pale malori yanapolala. Yeye ni mtu wa suluhisho za haraka.

"Sister, usijisumbue," aliniambia, nyuma yake sahani zikigongana. "Weka simu mbele ya redio, bonyeza, kwisha."

Nikafanya hivyo, mama akiwa ameenda sokoni. Nilinunua betri, nikazitia kwenye redio, kwa kuwa waya wake wa stima ulipotea zamani. Niliweka simu juu ya vitabu, nikabonyeza. Niliposikiliza baadaye, nilipata jogoo wa jirani, nikapata fundi wa mageti akikata chuma, nikapata pia mvua ya Kuresoi kwa mbali. Na upande wa kulia wa redio ulikuwa ukinguruma kama nyuki ndani ya kopo. Nilipofungua kava nikaona karatasi ya spika ile imepasuka. Mama, aliyerekodiwa upande huo, alikuwa akiimba kupitia mpasuko.

Basi spika nikaziacha. Nilijua redio ina tundu la hedifoni, na sauti ikitoka hapo haipiti kwenye spika. Nikapata waya wenye ncha sawa pande zote mbili, ncha moja kwenye redio, nyingine kwenye tundu la laptopu. Kwenye kioo mstari ukaanza kucheza juu na chini. Nilifurahi mpaka nikapiga makofi peke yangu.

Furaha haikudumu. Nilipocheza nilichorekodi, kulikuwa na mvumo mzito chini ya kila kitu, kama lori limesimama nje injini ikiwaka. Nikaanza kusoma kwenye mtandao. Watu wengi waliandika kwamba kadi ya sauti iliyo ndani ya laptopu ni duni, dawa ni kununua kadi ya nje, kile kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye USB. Wengine waliandika kwamba hiyo ni kupoteza pesa, laptopu inatosha. Nilisoma mpaka chai ikapoa, na kila nilipoamini upande mmoja, upande mwingine ulinivuta tena.

Mvumo wenyewe ulitatuliwa na jambo ambalo sikulipanga. Nikiwa narekodi, stima ikapotea mtaa mzima, kama inavyopenda kufanya Jumamosi. Redio iliendelea kwa betri zake, laptopu ikaendelea kwa yake, na mvumo ukafa papo hapo. Stima iliporudi, mvumo ukarudi nayo. Nikachomoa chaja, kimya. Nikaichomeka, lori likawaka tena. Kumbe ulitoka kwenye chaja! Sikuhitaji kununua kitu, nilihitaji kuchomoa waya mmoja. Nikajiambia, basi hadithi ya kadi ya nje imekwisha, ninazo pesa zangu za kununulia meza ya kusahihishia vitabu.

Nikarekodi wimbo ule wote, laptopu ikitumia betri yake. Sauti ilikuwa safi. Soprano walisikika, besi walisikika, baba nilimtambua mara moja kwa jinsi alivyovuta mwisho wa kila neno. Lakini mama hakuwepo. Yaani alikuwepo kwa mbali sana, kama mtu anayeimba nje ya kanisa na mlango umefungwa. Kwaya ilikuwa ikimwitikia mtu ambaye huwezi kumsikia.

Nilishikwa na hofu. Nilidhani kanda imefutika upande wake, kwamba miaka yote ile chini ya kitanda imemla yeye tu na kuwaacha wengine. Nikachomeka hedifoni kwenye redio yenyewe, nikazivaa, nikarudisha kanda mwanzo.

Alikuwa hapo. Kwenye sikio la kulia, karibu kabisa, kama amesimama nyuma ya bega langu. Nilisikia akivuta pumzi kabla ya kuanza.

Nilizivua hedifoni, nikageuka kutazama mlangoni. Mama alikuwa nje, naona kivuli chake kupitia pazia, anamwagilia sukuma. Kwa miaka sikuwa nimesikia sauti ile. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba naikumbuka, na sasa nikajua sikuwa naikumbuka hata kidogo. Nilikuwa naiwazia nyembamba. Ilikuwa nene, yenye joto, sauti ya mtu asiye na haraka.

Nikarudi kwenye mtandao, safari hii nikijua ninachotafuta. Nikaelewa. Tundu la laptopu yangu limetengenezwa kwa mtu anayeongea kwenye simu, mwenye kipaza kimoja mdomoni. Linapokea upande mmoja tu, ule wa kushoto. Wa kulia hauna mahali pa kuingilia.

*

Jumamosi iliyofuata nilibeba laptopu, redio na kanda kwenye mfuko wa kiondo, nikaenda mjini. Duka lilikuwa la vifaa vya simu na kompyuta, jembamba, chaja zikining'inia kama nyama iliyoanikwa ikauke. Nyuma ya kaunta alikuwa msichana mwenye rasta fupi.

"Karibu, madam. Nikusaidie na nini?"

"Natafuta saundi kadi ya nje. Ya USB."

"Ya kusikiza ama ya kurekodi?"

"Ya kurekodi. Kutoka kwa hii." Nikaitoa redio kwenye kiondo.

Alicheka kwa mshangao wa kweli. "Haiya! Hii hata shosho yangu alikuwa nayo." Akaigusa vitufe kimoja kimoja kabla ya kuchukua kwenye rafu kifaa kidogo kama flashi, chenye matundu mawili. "Hii ndio watu wananunua sana. Bei iko chini."

"Inachukua pande zote mbili?"

"Za nini?"

Nikamweleza. Alikunja uso, akageuza paketi, tukasoma pamoja. Hakujua, na mimi sikujua, na paketi nayo haikusema. Kwenye tundu moja kulikuwa na picha ya hedifoni, kwenye lingine picha ya kipaza kimoja.

"Tujaribu tu," alisema. "Lakini tufungue paketi pole pole, tafadhali, isipasuke."

Tukajaribu juu ya kaunta. Soprano, besi, baba. Upande wa kulia hakuna. Alitazama mstari uliolala kwenye kioo.

"Labda hiyo kanda yako ndio imeharibika, madam."

Sikubishana naye. Nilichomeka hedifoni kwenye redio nikampa. Alizivaa, akasikiliza, akiwa anatazama mlangoni kama mtu anayesubiri gari. Ghafla akageuza kichwa upande wa kulia, kabisa, kama mtu ameitwa.

"Nani huyu anaimba?"

"Ni mama yangu."

"Ai! Na alikuwa anaweza!" Akaendelea kusikiliza mpaka mwisho wa ubeti, mteja mwingine akimsubiri na chaja mkononi. Alipozivua alisema, "Hapana, hii si kanda. Ngoja."

Aliingia nyuma, akatoka na sanduku lililojaa vumbi. Kifaa hiki kilikuwa kikubwa kama sabuni ya kufulia, na nyuma yake kulikuwa na matundu mawili ya duara, moja jekundu, moja jeupe. Akapekua droo akapata waya wa kufaa. Tukachomeka, nikabonyeza redio.

Kwenye kioo ilitokea mistari miwili, mmoja juu ya mwingine, yote ikicheza.

Bei yake ilikuwa ya kukatisha tamaa. Nilimwambia nitarudi, nikaenda kunywa chai hoteli ya jirani na kiondo miguuni. Nilitaka kufikiri kama mtu mzima. Ningeweza kwenda studio, wanahamisha kanda, lakini ingebidi niiache mikononi mwa watu nisiowajua, na kwenye sanduku kulikuwa na nyingine. Ningeweza kumpelekea yule mama wa Kuresoi kile nilichopata kwa simu, jogoo na nyuki na yote, naye angeshukuru. Ningeweza kununua meza yangu. Laptopu haikuwa mbaya. Kwa kazi zangu zote kadi ile ya nje isingeongeza kitu, maana mimi si mtu wa muziki. Ningeitumia mwezi mmoja, halafu ingekaa kabatini.

Lakini nilipofika hapo nilimwona baba na vipaza vyake. Naye lazima alikaa mahali fulani akajiuliza kama kile cha pili kina maana. Alikuwa na watoto, alikuwa na kodi, na alikuwa na wenzake wa kumcheka. Kimoja kingetosha kabisa, nyimbo zingesikika. Akanunua cha pili, akakiweka upande wa mama.

Nilimaliza chai, nikarudi dukani.

*

Nilipanga kuhamisha kanda mama akiwa kwenye kikao cha akina mama wa kanisa. Sikutaka ashtuke. Niliweka kila kitu chumbani kwangu, nikachomoa chaja, nikasafisha kichwa cha redio, kile kichuma kinachosoma kanda, kwa pamba na spiriti, nikavaa hedifoni. Nilikuwa nimefika ubeti wa pili, mvua imeshaanza kwenye mabati, nilipohisi mtu nyuma yangu. Kikao kilikuwa kimeisha mapema. Mama alikuwa mlangoni, kitambaa cha kichwa bado hajakifungua.

"Ni ile?" alinong'ona.

"Ndiyo, mama."

Nilijiandaa kuambiwa nizime. Alikuja akakaa kitandani, akanyoosha mkono.

"Nipe."

Nikamvalisha mwenyewe, nikarudisha wimbo mwanzo. Alikaa wima kama mtu aliye kwa mpiga picha. Mimi sikusikia kitu, niliona tu mistari miwili ikitembea kwenye kioo, na kutokana na mistari nilijua walikuwa wamefika wapi. Mkono wake ulipanda shingoni, pale penye kovu, ukakaa. Midomo ilianza kusogea. Ghafla akakunja uso, akaondoa hedifoni sikio moja.

"Hapo tulichelewa kuingia."

"Wapi?"

"Hapo. Ni besi. Baba yako alikuwa anaangalia redio badala ya kuangalia mwalimu." Na mabega yake yakaanza kutikisika. Mama siku hizi akicheka hatoi sauti, huwezi kujua kama hujamwangalia. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Nilimwambia! Nilimwambia siku hiyo hiyo kwa lori, akakataa."

Akarudisha hedifoni. "Weka tena."

Mara ya pili hakucheka. Alisikiliza macho yamefungwa, na wimbo ulipoisha alizivua hedifoni akanirudishia. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya sasa, "Ilikuwa sauti nzuri." Alisema bila majivuno na bila huzuni kubwa, kama unavyosema habari za mtu uliyeishi naye vizuri.

*

Mama alisema Kuresoi atakwenda mwenyewe. Mdogo wangu alifunga hoteli siku hiyo, jambo ambalo halifanyi hata sikukuu, akatuchukua kwa gari lake. Viazi vilikuwa vimetoa maua, mashamba meupe na zambarau mpaka kwenye msitu. Mwenyeji wetu wa zamani alitukuta barabarani. Alikuwa amepungua, amekuwa mfupi kuliko nilivyomkumbuka, na alipomkumbatia mama aliinamisha sikio lake mdomoni kwa mama bila mtu kumwambia, kana kwamba ndivyo walivyozungumza siku zote.

Kanisa lilikuwa limeshika kutu, madirisha yameshang'olewa. Vijana waliunganisha laptopu yangu na spika zao kubwa, wakaweka moja kushoto mwa madhabahu, nyingine kulia. Niliomba tu chaja isichomekwe. Watoto walijaa mbele, wakipigana viwiko.

Wimbo ulipoanza, mama alikuwa amekaa benchi la kwanza. Mtoto mmoja wa kike aliuliza kwa sauti, "Huyo anaimba ni nani?" Mwenyeji akamwonyesha. Mtoto alimtazama mama, akatazama spika ya kulia, akamtazama tena, hakuamini. Mama akampungia mkono.

Katika kiitikio wazee wachache waliokuwa wakiukumbuka wimbo walianza kuimba pamoja na spika. Yule mama mwenyeji hakuwa na uhakika wa maneno. Nilimwona akigeuka kutazama midomo ya mama, akifuata, akichukua neno moja moja pale yalipokuwa yakiundwa bila sauti, na kuyatoa yeye. Mdogo wangu alitoka nje. Aliniambia baadaye alikwenda kuangalia tairi.

Nilihamisha kanda zote zilizobaki, kazi iliyochukua karibu likizo yote ya Agosti. Nyingine hazikuwa na kitu cha maana, mazoezi, watu wakikohoa, mwalimu akiwagombeza waimbaji wa tenor. Mama alizisikiliza zote hata hivyo, akinitajia nani alikuwa nani, nani alihama, nani alikuja kuwa na watoto pacha. Meza ya kusahihishia vitabu sijanunua, bado natumia ile ya jikoni.

Na jioni, tukishaosha vyombo, ameanza jambo ambalo mimi sikuliomba. Ananifundisha alto. Mimi nimekuwa soprano maisha yangu yote, na si nzuri. Ananipigia mwendo kwa kidole mezani, ananong'ona maneno, na sauti inapotakiwa kupanda au kushuka ananyanyua kiganja au anakishusha. Nikikosea hasemi nimekosea. Anafunga macho kidogo tu, kama mtu aliyekanyagwa kidole, kisha anagonga meza na kusema, "Tena."